Chipu 30,000, blaindi 50/100: ni kosa kuingia na karata dhaifu saa ya kwanza?

#1 Kijana wa Tudor

Salaam wadau. Tangu Jumamosi sijalala vizuri, nisaidieni.

Niliingia mashindano ya Texas Hold'em kwenye kasino moja huku Nyali. Kiingilio Sh 5,000, kila mtu anapewa chipu 30,000, blaindi (dau la lazima la watu wawili kila mkono, ndogo na kubwa) zinaanza 50/100 na kila kiwango ni dakika 40. Ukitoka umetoka, hakuna kununua tena. Nikapiga hesabu: nina blaindi kubwa 300. Kulipa 100 nione flopu (karata tatu za kwanza za mezani) ni kama mtu mwenye Sh 3,000 mfukoni kununua kashata ya shilingi kumi. Basi nikawa naingia na chochote kinachokaribiana: 8-6, 5-4, hata jeki na saba mradi zote ni uru.

Mkono ulionitoa ni huu. Meza ina watu tisa, mimi ni wa pili kuongea (yaani kuamua), nina sita na nne za kopa. Nikalipa 100. Jamaa wa katikati naye akalipa 100. Aliye kwenye batani (kiti cha mwisho kuongea baada ya flopu) akapandisha hadi 600. Blaindi kubwa akafuata, nami nikafuata, jamaa wa katikati akafuata. Poti, yaani chipu zote zilizowekwa, 2,450. Flopu: kwini ya kopa, tisa ya kopa, mbili ya pau. Batani akaweka 1,500, tukafuata mimi na yule wa katikati. Karata ya nne ikaja tatu ya kopa. Kopa tano zimetimia! Nikaweka 4,000. Yule wa katikati alikuwa akimenya njugu tangu tuanze. Akaziacha, akapanguza vidole kimoja kimoja kwa leso, akapandisha hadi 11,000. Batani akatupa. Mimi nikasukuma zote. Akafunua ree na tano za kopa.

Mchezo ulianza saa nane. Saa tisa kasorobo nilikuwa stejini nangoja matatu ya kurudi mjini.

Kuna wanaosema chipu zikiwa nyingi ndio wakati wa kucheza karata dhaifu, na kuna wanaosema ndio wakati wa kutulia. Nani mkweli?

#2 Mla Viazi Karai

Pole. Lakini alipoacha njugu wewe ulikuwa unatazama wapi? Mtu wa Mombasa haachi njugu zake katikati ila amepata kitu kitamu zaidi.

#3 Zimwi la Riva

Usijilaumu kwa kuingia. Ukiwa na blaindi 20, sita na nne ni takataka, kwa sababu hata ukipata mkono mzuri hakuna cha maana cha kukulipa. Ukiwa na 300, unatoa moja ukiwinda mia tatu. Mvuvi hatazami bei ya dagaa anayetia kwenye ndoana, anatazama nguru anayemfuata. Na saa ya kwanza ndipo wageni wako mezani bado, wale wasioweza kutupa jozi ya ree hata ukiwawekea kisu shingoni. Ikifika jioni hao wameshakwenda, mmebaki papa kwa papa.

Doyle Brunson alibeba ubingwa wa dunia mara mbili na kumi na mbili. Takataka tupu. Nenda kamwambie alikosea.

#4 Mgeni wa Uzi

Samahani, karata kumi na mbili mkononi? Kwani hii ni poka gani? Ninayoijua mimi, mbili na tatu zinaokotesha, jeki inaruka mtu, ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi".

#5 BintiMvita

@Mgeni wa Uzi karibu. Hiyo unayosema ni poka ya mtaani, jina tu ndilo wanashirikiana. Huku kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja (ndiyo flopu), kisha moja, kisha moja. Unatengeneza mkono bora wa karata tano. Batani ni kile kibao cha mviringo kinachozunguka meza. Kikiwa mbele yako, baada ya flopu wewe ndiye unayeongea mwisho. Na Zimwi alimaanisha kumi moja na mbili moja, si karata dazani.

#6 Nahodha Mstaafu

Zimwi mwanangu, umeleta nusu ya habari. Brunson alishinda 1976 na 1977, na ni kweli mara zote mbili mkono wa mwisho alikuwa na kumi na mbili. Lakini ni mkono wa MWISHO, wamebaki wawili mezani. Wakibaki wawili karata nyingi zinachezeka. Tena mara zote mbili flopu ilimwacha nyuma: yeye ana jozi ya kumi, mwenzake ana jozi mbili. Ikaja mbili kwenye karata ya nne na kumi kwenye ya tano, akapata fulu hausi (tatu za namba moja na jozi). Huwezi kuchukua hiyo ukaileta kwenye meza ya watu tisa, saa nane mchana, wa pili kuongea.

Mimi mchezo huu nilijifunza melini. Safari za wiki tatu, chakula kimekwisha kuliwa, hakuna pa kwenda. Aliyekuwa akiingia kila mkono kwa sababu "ni bei rahisi" ndiye aliyekuwa akitukopa sigara kabla hatujafika bandari ya pili. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

#7 Kijana wa Tudor

Shikamoo Nahodha. Lakini mimi sikumalizwa na chovya chovya. Niliondoka kwa mkono mmoja.

#8 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Mkono mmoja uliutoka wapi kama si kwenye kuchovya?

#9 Hesabu Tamu

Hebu tuhesabu kopa, maana hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazami.

Kopa ziko 13. Wewe unaziona tano: sita na nne zako, kwini, tisa na tatu za mezani. Zimebaki nane: ree, kingi, jeki, kumi, nane, saba, tano na mbili. Mtu akiwa na kopa mbili mkononi, kuna namna 28 za kuzipata kutoka kwenye hizo nane. Katika hizo 28, wewe unaipiga moja tu, tano na mbili. Nyingine 27 zote zinakupiga. Hata saba na mbili ya kopa inakupiga!

Sasa rudi kwenye hoja ya Zimwi. Ni kweli chipu nyingi zinaongeza unachoweza kushinda. Lakini kamba hiyo hiyo ina ncha mbili. Rundo kubwa linaongeza pia unachoweza kupoteza ukiwa na mkono mzuri wa pili. Ukiwa na blaindi 20 na kopa ndogo, unapoteza 20. Ukiwa na 300 unapoteza 300. Na jiulize ni nani atakayekulipa blaindi 300 kwenye meza yenye kopa tatu. Mwenye jozi moja hulipa kidogo, halafu hutupa. Anayelipa zote mara nyingi ndiye mwenye kopa kubwa kuliko zako.

Pia hizo kopa haziji kirahisi. Ukianza na karata mbili za aina moja, flopu itakupa kopa tano kamili takriban mara 1 katika 119. Itakupa kopa nne, ukisubiri ya tano, kama mara 1 katika 9. Na ukisubiri hivyo mpaka karata ya mwisho, utatimiza kama asilimia 35. Kila hatua inalipiwa.

#10 Mla Viazi Karai

27 kwa 1. Hata mechi za mtaani huku Majengo hatujafungwa hivyo.

#11 Zimwi la Riva

Hesabu Tamu, nakuheshimu, lakini umehesabu upande mmoja. Kuna kwini mbili mkononi, tisa mbili, mbili mbili: zote hizo ni seti (tatu za namba moja) na zinalipa. Kuna kwini na tisa. Kuna mwenye ree ya kopa peke yake anayengoja kopa ya nne. Si kila anayepandisha ana kopa mbili.

Ninachokubali ni kwamba kosa liko kwenye kusukuma zote, si kwenye kuingia. Kabla ya karata ya nne Kijana alibaki na 27,900. Jamaa alipopandisha hadi 11,000, angefuata 7,000 zaidi aangalie karata ya tano. Hata akishindwa na kutupa, anabaki na 16,900, yaani blaindi 169, na mashindano ndiyo kwanza yameanza. Mtu mwenye blaindi 169 ni tajiri. Kwa nini umlaumu mlango wakati mtu ameanguka ngazini?

#12 Tanga Line

Wakuu, habari za Mombasa. Nachangia kutoka huku Tanga.

Naona mnabishana kuhusu 6-4 mkasahau kwamba haya ni mashindano. Kwenye mchezo wa pesa taslimu, chipu ya Sh 100 ni Sh 100 ikiingia na ikitoka. Kwenye mashindano ukiongeza rundo lako mara mbili saa ya kwanza, nafasi yako ya kuchukua zawadi haiongezeki mara mbili, inaongezeka kwa chini ya hapo. Ila ukipoteza zote, umetoka kabisa. Kwa hiyo bahati nasibu ya "huenda nikapata" ni ghali kuliko inavyoonekana. Ndiyo maana hata kule Las Vegas kwenye shindano kuu la dunia, wanapewa chipu 50,000 na wengi wakubwa hawana haraka.

#13 BintiMvita

Tanga Line, 50,000 ilikuwa 2018. Kuanzia 2019 ni 60,000, blaindi zinaanza 100/200 na kiwango kimoja ni saa mbili nzima. Ukigawa unapata 300 zile zile za Nyali! Tofauti ni muda. Wale wana saa mbili kabla blaindi hazijapanda, Kijana ana dakika 40. Ndani ya dakika hizo anaona mikono 17 au 18 hivi. Kwa hiyo "rundo kubwa" la Nyali linayeyuka mapema kuliko la kule, hata kama namba ya kuanzia ni moja.

Na kwangu mimi shida kubwa haijaguswa vizuri: KITI. Kijana alikuwa wa pili kuongea. Akilipa 100, nyuma yake wako watu saba ambao hawajasema neno, pamoja na blaindi. Yeyote anaweza kupandisha, na ndivyo ilivyokuwa. Kashata ya shilingi kumi ikawa ya sitini kabla hajaionja. Halafu flopu, ya nne, ya tano, anaongea kabla ya karibu wote waliobaki. 6-4 hiyo hiyo ukiwa batani na watu watatu wamelipa 100 tu mbele yako, ni karata nyingine kabisa. Mimi naicheza hapo, na sioni haya.

#14 Zimwi la Riva

Allah akuweke BintiMvita. Mtu mmoja ameelewa.

#15 BintiMvita

Sijakuunga mkono wewe. Nimesema batani.

Ila kuna sababu nyingine inayonifanya nicheze takataka mbili tatu mapema: watu wanaona. Ukikaa saa nzima unatupa, siku unayopata kingi mbili ukapandisha, meza nzima inatupa kwa adabu. Ukionyesha 8-6 mara moja, hata kama umepoteza 300, mtu atakulipa baadaye. Hiyo 300 nimeinunulia tangazo.

#16 Hesabu Tamu

Hilo la tangazo nalikubali nusu. Shindano la watu wengi, meza zinavunjwa, unahamishwa. Tangazo lako linabaki kwenye meza uliyoondoka.

#17 Maalim Jirani

Assalaam alaykum. Sina ugomvi na mtu humu, nawapenda nyote, na Kijana wa Tudor namfahamu kama mdogo wangu. Lakini wapo wanaosoma hapa ambao ni vijana wetu, na sitakuwa mkweli nikinyamaza. Suratul Maida aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na ulevi. Elfu tano ni unga wa nyumba kwa wiki kadhaa. Mimi ningekuuliza kwanza kama ulipaswa kukaa pale, kisha ndipo tuje kwenye sita na nne.

#18 Msimamizi

Maalim, tumekusikia na maneno yako yanabaki. Anayetaka kuendelea na upande huo afungue uzi wake, ni mjadala unaostahili nafasi kamili. Hapa tubaki kwenye mchezo wenyewe. Na wa chini ya miaka 18, kasino si mahali penu.

#19 Nahodha Mstaafu

Maalim amesema la haki na silipingi. Barazani kwetu Mji wa Kale tumeacha pesa siku nyingi. Tunacheza kwa mbegu za mabuyu. Kila mtu mbegu mia moja kwenye kisahani, kahawa tungu katikati, na mshindi anachopata ni kuchagua pa kukaa kesho. Ajabu ni kwamba kwa mbegu watu wanacheza karata dhaifu ZAIDI, maana hawaumii. Ndipo utakapomjua mtu. Yupo mmoja hajawahi kutupa karata mbili za pau tangu mwaka jana.

#20 Mla Viazi Karai

Mzee, karata za baraza hilo nimezishika. Ree ya shupaza ina alama ya dole jekundu la mabuyu mgongoni. Aliyekaa hapo mwezi mmoja anaijua kabla haijafika kwako.

#21 Nahodha Mstaafu

Ndiyo maana wiki hii nimenunua karata mpya. Njoo ujaribu.

#22 Mgawaji wa Zamani

Nimewahi kugawa karata miaka kadhaa, kwa hiyo nimewaona wengi wakiinuka mapema. Niseme nilichokiona.

Wanaotoka saa ya kwanza si hasa wale wa 6-4 wala 7-2. Hao wakikosa flopu wanatupa, hasara yao ni ya mia mia. Wanaotoka ni wa ree na tisa, kingi na jeki, kwini na kumi, zile karata zinazopendeza machoni. Anaingia na ree na tisa, flopu inaleta ree, moyo unapanda, kumbe mwenzake ana ree na kingi. Hata kabla ya flopu, mkono kama huo dhidi ya ree na kingi unashinda takriban mara moja katika nne tu, na mtu hatoki humo mpaka chipu zimekwisha, kwa sababu anaamini ana mkono. Kwa hiyo mkisema "dhaifu" mnataja karata gani? Kwangu mimi, ree na tisa kwenye kiti cha pili ni dhaifu kuliko 6-4, kwa maana inadanganya zaidi.

Jambo jingine ni uchovu wa kukaa bure. Mezani unaona mikono kama 25 kwa saa, na mingi ni ya kutupa. Nimeona watu waliosafiri kutoka Malindi, wamelipa kiingilio, wamevaa shati la pasi. Hawawezi kukubali kwamba wamekuja kutazama. Mkono wa kumi wakishatupa, unaona vidole vinaanza kugongagonga chipu. Mkono wa kumi na moja wanaingia, chochote kile.

#23 Kijana wa Tudor

Mgawaji, hapo kwenye vidole umenigusa. Nilitupa mikono sita mfululizo kabla ya ule. Nakumbuka nikisema moyoni "huu naucheza". Nilisema hivyo kabla sijaziangalia.

#24 Tanga Line

Basi jibu limepatikana. Uchovu.

#25 Zimwi la Riva

Halijapatikana. Uchovu unaeleza kwa nini aliingia, hauelezi kama kuingia kulikuwa kosa. Mtu anaweza kupanda matatu kwa hasira na bado likamfikisha Mtwapa.

#26 Tanga Line

Nami nilitaka kuongeza: hata baada ya kusukuma zote bado alikuwa na njia ya kuokoka. Tano ya kopa ikija anapata tatu, nne, tano, sita za kopa.

#27 Hesabu Tamu

Hapana. Tano ya kopa ilikuwa mkononi mwa jamaa. Na hata ingekuwa bado kwenye karata, hizo ni nne tu mfululizo, zinahitaji mbili au saba ya kopa pia, na imebaki karata moja tu ya kufunuliwa. Alikuwa ameshapotea kabla karata ya tano haijafunuliwa. Ndivyo zilivyo kopa ndogo: zikipigwa, hazina pa kukimbilia. Jozi ndogo ni afadhali mara kumi. Ukiwa na tano mbili, flopu inakupa tano ya tatu kama mara 1 katika 8 na nusu. Ukiikosa unatupa bila majuto, ukiipata imejificha na aghalabu ndiyo bora mezani. Hiyo ndiyo karata dhaifu ninayoingia nayo mapema, mradi anayepandisha na mimi tuna chipu za kutosha nyuma. Ninataka walau mara kumi na tano ya ninacholipa.

#28 BintiMvita

Hata ukiwa na mara kumi na tano, huna uhakika atakulipa zote. Mara nyingi halipi.

#29 Kijana wa Tudor

Wadau, nimerudi. Ahsanteni wote. Jumamosi hii nilikwenda tena (Maalim unisamehe, nimekuahidi tutazungumza). Muundo ni ule ule, 30,000 na 50/100.

Saa nzima ya kwanza niliingia mikono minne tu. Niliandika kila mmoja nyuma ya risiti. 6-4 ya shupaza ilikuja nikiwa wa tatu kuongea, nikaitupa, na flopu ikaleta shupaza mbili. Sikuangalia zilizofuata, nilikwenda kuchukua maji.

Kisha nikapata tano mbili, niko batani. Mtu akapandisha hadi 300, mwingine akafuata, nami nikafuata. Flopu: kingi, tano, mbili, aina tatu tofauti. Seti! Wakapita wote wawili, nikaweka 500. Wote wakatupa papo hapo, mmoja akafunua kingi na kumi na kuitupa huku akicheka. Nilipata kile kilichokuwa mezani tayari na si zaidi. Nimetoka nikiwa wa ishirini na kitu, nje ya zawadi.

Sasa niambieni: mwenye kingi anatupaje kwa 500?

#30 BintiMvita

Kwa sababu alikuona saa nzima unatupa. Rudi usome #15.

#31 Hesabu Tamu

Au kwa sababu kingi na kumi ni mkono mbovu, na yeye amesoma #22.

#32 Zimwi la Riva

Ungecheza ile 6-4 ya shupaza wangekulipa. Karata ya nne ilikuwa nini, kuna aliyekuwa meza hiyo?